Hatimiliki Haisemi Ujenge Nini: Safari ya Ombi Lako Katika Idara ya Mipango

Kila wiki idara za mipango katika kaunti zetu hapa Kenya hupokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza amenunua ploti, ameshachorewa nyumba ya orofa tano, amemlipa fundi pesa za kuanzia, na anauliza kwa nini ombi lake la ruhusa ya kujenga halijapigwa muhuri. Wa pili ni jirani yake. Amekuja na video kwenye simu, tingatinga linachimba msingi, naye anauliza ni nani aliyetoa ruhusa. Wote wawili wamekasirika, na mara nyingi wote wawili wamechelewa kufika. Tangu tarehe 1 Machi 2025, Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024 ilipoanza kutumika na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka wa 1968, maswali yamezidi, na uvumi pia umezidi. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Ninaandika nikiwa mpangaji wa miji. Sitagusia ombi la mtu yeyote wala kesi iliyo mbele ya mahakama. Mahali ambapo maneno yangu yatapishana na maandishi ya sheria, sheria ndiyo ifuatwe.

Nianze na kauli ninayoisikia kuliko zote: "Ardhi ni yangu, hati ninayo, pesa ni zangu." Yote matatu yanaweza kuwa kweli na bado ukakosa ruhusa ya kujenga. Hatimiliki inaonyesha ardhi ni ya nani. Haisemi kijengwe nini juu yake, kwa urefu gani, wala kwa kazi gani. Kifungu cha 66 cha Katiba kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti kazi ya mipango. Chini ya hapo kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ambayo ndiyo tunayoifungua kila siku.

Kuna pia wanaokuja na karatasi ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi wakiamini wamemaliza kazi. Bodi ile hushughulikia shughuli za ardhi ya kilimo, kama kuuza na kugawa. Ikikukubalia ununue robo ekari iliyokuwa shamba la kahawa, haijakukubalia ujenge fleti hapo, na wala haijabadilisha matumizi ya ardhi hiyo. Hizo ni hatua nyingine, na mlango wake ni kaunti. Jambo hili tumelieleza katika mikutano ya wadi tena na tena, na bado linawagharimu watu akiba zao.

Ombi likifika, swali la kwanza halihusu uzuri wa ramani. Tunauliza: eneo hili limetengewa nini? Mji hugawanywa katika kanda, na kila kanda ina masharti yake. Nairobi, kwa mfano, ilipata mwongozo wa kanda mwaka wa 2004, wenye kanda takriban 20, na baadaye mpango mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030. Mitaa kama Kilimani na Kileleshwa ilianza ikiwa na nyumba za familia moja moja katika viwanja vikubwa, na mabomba ya maji na ya majitaka yalizikwa kwa kufuata hesabu ya familia hizo. Mpangaji anapoona ombi la fleti 60 mahali palipokuwa na nyumba moja, macho yake hayaishii kwenye jengo. Yanateremka hadi kwenye bomba lililo chini ya barabara.

Masharti ya kanda yana vipimo viwili vinavyochanganywa sana. Cha kwanza ni kiasi cha ploti kinachoruhusiwa kufunikwa na jengo pale chini. Cha pili ni jumla ya eneo la sakafu zote ukilinganisha na ukubwa wa ploti. Chukua ile ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo kila Mkenya anaijua. Ni mita za mraba 465 hivi. Tuseme kanda inaruhusu nusu ya ploti ifunikwe, na jumla ya sakafu isizidi ukubwa wa ploti. Chini utajenga mita za mraba 232, na ukiweka orofa mbili za ukubwa huo umefika mwisho. Ukitaka orofa nne unaweza kupata, lakini kila moja itafunika robo tu ya ploti na sehemu iliyobaki itakuwa uwanja. Anayeleta orofa tano za mita 232 kila moja ameomba mita 1,160, yaani karibu mara mbili na nusu ya kiwango. Ombi hilo litakataliwa hata lipitie mkono wa nani. Swali la "mnaruhusu orofa ngapi hapa?" halina jibu la neno moja. Tafadhali tuulize vipimo vyote viwili, na utuulize kabla ya kumlipa mchoraji.

Ikiwa unachotaka ni kubadilisha matumizi, kwa mfano nyumba ya kuishi iwe chekechea, zahanati, baa au fleti, ombi hilo hutangulia lile la ramani za ujenzi. Linahitaji ripoti iliyoandikwa na mpangaji wa miji aliyesajiliwa, inayoeleza ni nini kitabadilika kwa barabara, maji, kelele na majirani. Ripoti iliyonakiliwa kutoka mtaa mwingine tunaitambua haraka, kwa sababu hutaja barabara ambazo hazipo hapo.

Sasa safari ya faili. Faili iliyokamilika ina fomu, nakala ya hati na cheti cha hivi karibuni cha upekuzi wa ardhi, ramani ya upimaji, stakabadhi za ada na kodi ya ardhi, na michoro iliyotiwa sahihi na wataalamu waliosajiliwa: msanifu majengo kwa umbo, mhandisi kwa uimara. Sahihi ya mhandisi si pambo. Anayeitia anabeba dhamana ya kila nguzo. Kukiwa na karatasi moja iliyokosekana, faili husimama, na hapo ndipo siku nyingi hupotelea.

Ndani ya siku 7 tangu ombi lipokelewe, idara inapaswa kupeleka nakala kwa ofisi zinazohusika, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Mpima ardhi huangalia kama bikoni, yaani alama za mpaka, zilizo ardhini zinalingana na ramani, na kama ukuta wako haujaingia kwenye hifadhi ya barabara. Ofisi ya barabara huangalia magari yatatokea wapi na yataegeshwa wapi; lango linalofunguka kwenye kona ya barabara yenye shughuli nyingi hurudishwa. Maji na majitaka huangalia kama bomba lina nafasi, na pasipo na bomba, tangi la maji machafu litakaa umbali gani na kisima cha jirani. Afya ya umma hutafuta mwanga na hewa katika kila chumba, na mahali pa takataka. Zimamoto huuliza maswali mawili tu, lakini ndiyo mazito kuliko yote: gari letu litafika, na watu watatoka? Jengo la orofa lenye ngazi moja nyembamba na madirisha yaliyofungwa kwa vyuma halijibu swali la pili.

Baada ya hapo kamati ya wataalamu hukaa na faili pamoja na maoni yote. Inaweza kupendekeza ombi likubaliwe, likubaliwe kwa masharti, lirudishwe kwa marekebisho, au likataliwe. Likikataliwa, sheria inataka sababu ziandikwe. Usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba "imekataliwa", kwa sababu barua ile ndiyo utakayoishika ukikata rufaa. Una siku 14 tangu uamuzi kupeleka rufaa yako kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, nayo ina siku 14 za kuisikiliza na kuiamua. Asiyeridhika huko huelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Halafu kuna jambo la siku 60. Ni kweli, sheria inasema mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amepewa ruhusa kwa mujibu wa Sheria hiyo. Sitaificha ibara hiyo; imewekwa kuwalinda wananchi dhidi ya uzembe wa ofisi kama yetu. Lakini wapo madalali wanaowauzia watu ushauri kwamba ulete faili pungufu, unyamaze, uhesabu siku, uchimbe. Barua ya kukueleza kwamba karatasi fulani inakosekana ni jibu la maandishi. Na hata ruhusa ikipatikana kwa njia ya ukimya, haiondoi leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, pale inapohitajika, wala usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, wala masharti ya kanda. Ukiona siku zinakwisha bila neno, andika barua ya kuulizia na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu adhabu nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo dhana potofu zinapoumiza zaidi. Kifungu cha 57 cha Sheria ile ya 2019 kinasema anayeanza ujenzi bila ruhusa ametenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Wako wanaofanya hesabu baridi: jengo ni la milioni 40, faini ni nusu milioni, basi na tulipe. Faini hiyo hainunui ruhusa. Kifungu hicho hicho kinamtaka waziri wa kaunti anayehusika na mipango kumwagiza mhusika airudishe ardhi katika hali yake ya awali, au karibu na hali hiyo kadiri iwezekanavyo, ndani ya siku 90. Kwa lugha ya mtaani: ubomoe ulichojenga, kwa pesa zako. Stakabadhi ya faini haijawahi kugeuka kibali, na haitageuka.

Wala ruhusa ikitoka kazi haijaisha. Mkaguzi anapaswa kuitwa kabla msingi haujamwagwa zege, na tena katika kila hatua hadi cheti cha kuruhusu jengo kukaliwa. Nondo zikishafunikwa, hakuna jicho linaloziona. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la orofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafariki. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limeshatajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Waliolala ndani yake walikuwa wapangaji waliolipa kodi. Ninapoambiwa kwamba ukaguzi ni usumbufu, hao ndio ninaowakumbuka.

Nije kwa majirani. Mwombaji analazimika kuujulisha umma, kwa tangazo la gazeti na bango kwenye ploti yenyewe, na tangazo hutaja muda wa kupeleka pingamizi, kwa kawaida siku 14. Bango hilo lisomeni. Watu hulipita asubuhi na jioni, kisha siku ya tingatinga wanasema hawakushirikishwa. Ukiona bango limewekwa nyuma ya ua au limeelekezwa ukutani, lipige picha yenye tarehe na utuletee. Hilo peke yake ni hoja.

Na pingamizi si kura. Sahihi 200 zinazosema "hatutaki orofa" hazina uzito wa barua moja inayoonyesha tatizo. Kamati haiwezi kukataa ombi kwa sababu wapangaji wa fleti hawapendwi mtaani.

Katika kaunti moja niliyofanya kazi zamani, mama mmoja alifika mlangoni siku ya tisa ya tangazo. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja: hataki kuchunguliwa uani na watu wa juu. Nilimsihi tuketi. "Mama, mbali na kuchunguliwa, jengo hili likikaa hapa, nini kitakuharibikia?" Akafikiri, akasema, "Mwanangu, maji. Mvua ikinyesha, ile ploti ndiyo huyanywa maji ya mtaa mzima. Wakiiweka saruji yote, yatakuja kwangu." Siku mbili baadaye alirudi na picha zilizopigwa na mjukuu wake, za uwanja ule ukiwa umefurika mvua za masika, na mchoro wa kalamu ukionyesha mteremko unaelekea wapi.

Mhandisi wetu alikwenda kupima na akakuta yuko sahihi. Ombi lilikubaliwa, kwa sababu lilikuwa ndani ya vipimo vya kanda, lakini liliongezewa sharti: mfereji wa kupitishia maji ujengwe kando ya mpaka hadi barabarani kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza, na madirisha ya upande wa mama yule yainuliwe juu ya usawa wa macho. Mkaguzi alikataa kupitisha msingi hadi mfereji ulipokamilika.