Wazazi wao wako wapi? Maswali na majibu kuhusu malezi na uhalifu wa watoto

Vijana wenye mapanga walioitwa Panya Road walipoitikisa Dar es Salaam mwanzoni mwa 2015, na tena 2022, vibarazani lilizunguka swali moja: wazazi wao wako wapi? Ni swali la kuulizwa mapema zaidi, mtoto akiwa bado anarudi nyumbani kula. Hapa tunajibu yale ambayo wazazi wenyewe huuliza.

Kweli uhusiano wangu na mwanangu unaweza kumfanya awe mhalifu?

Peke yake, hapana. Umaskini una mchango wake, marafiki wana wao, na mtaa wenye kijiwe cha bangi kila kona una wake. Hata hivyo malezi yana uzito unaopimika. Mwaka 1961 watafiti walianza kuwafuatilia wavulana 411 wa kusini mwa London, wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 9, na wakaendelea nao hadi utu uzima. Waliotoka katika nyumba ambazo wazazi hawajui mtoto yuko wapi, adhabu ni kali, na baba na mama hawaishi kugombana, waliishia mahakamani zaidi ya wenzao. Katika yote hayo, malezi ndiyo ambayo mzazi anaweza kuyabadilisha kuanzia jioni ya leo.

Basi nimchunge muda wote?

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Kwa miaka mingi wataalamu walisema mzazi anayejua nyendo za mtoto wake hupata mtoto asiye na makosa mengi, wakamshauri aongeze ulinzi. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wa vijana wa miaka 14 nchini Sweden, wakauliza jambo ambalo wenzao walikuwa wameliruka: mzazi anayajuaje anayoyajua? Kwa sehemu kubwa, anayajua kwa sababu mtoto kamsimulia mwenyewe. Kuhoji na kubana kulichangia kidogo.

Chukua mfano. Saa mbili usiku, kijana wa miaka 13 anaingia ndani na simu ambayo hukumnunulia. Ukianza na "Umeiba wapi?", umemfundisha kutunga uongo papo hapo, na kesho simu nyingine ataificha kwa rafiki. Jaribu hivi: "Naona una simu. Nawa mikono ule, halafu unieleze." Akieleza kwamba kaiokota, au kachukua ya mtu, kosa linabaki kosa. Asubuhi mnaongozana kuirudisha, na anayeomba radhi ni yeye, wewe umesimama kando. Ameadhibiwa, tena vizuri, bila kujifunza kwamba kukuambia ukweli ni hatari.

Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Mnataka tuache kuchapa?

Wahenga hawakutaja fimbo. Mtoto hulia pia akinyimwa mpira wiki nzima. Tafiti zilizowafuatilia watoto kwa miaka zinaonyesha kuwa wanaochapwa sana huzidi kuwa na hasira na ugomvi, hata ukizingatia kwamba mtoto mkorofi ndiye anayechapwa zaidi.

Kulegalega nako kuna madhara yake. Huko Oregon, Marekani, Gerald Patterson na wenzake walikaa majumbani mwa watu wakiangalia familia zinavyoishi, wakaona mchezo huu: mama anaagiza, mtoto anapiga kelele, mama anachoka anaacha. Mtoto ameshajua kelele zinalipa. Mara nyingine mama analipuka na kupiga, na mtoto anajua mwenye nguvu ndiye mshindi. Weka kanuni chache, zile unazoweza kuzisimamia hata siku umechoka.

Nalea peke yangu. Wanangu wako hatarini zaidi?

Si lazima. Joan McCord aliwafuatilia wavulana wa Massachusetts. Waliolelewa na mama mwenye upendo bila baba nyumbani, 22 kati ya kila 100 waliingia katika uhalifu. Waliokaa na wazazi wote wawili wasioelewana, 52. Kwa hiyo jirani anayekuambia "vumilia tu kwa ajili ya watoto" wakati nyumba inawaka moto kila usiku, msikilize kwa adabu, kisha fanya lako.

Nimpeleke polisi wamtishe kidogo?

Hapana. Marekani walilijaribu hilo rasmi tangu miaka ya 1970: vijana walipelekwa katika gereza la Rahway, New Jersey, wafungwa wakawafokea ili waogope. Mapitio ya majaribio ya aina hiyo yalionyesha kuwa waliotishwa walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa. Isitoshe, Tanzania Bara mtoto chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai, na wa chini ya miaka 12 hatiwi hatiani mpaka ithibitishwe alijua anachofanya ni kosa. Kenya, tangu sheria ya 2022, umri wa chini ni 12. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani.

Ameshaanza kutoroka shule na ananuka bangi. Nimechelewa?

Huenda sivyo. Huko Dunedin, New Zealand, watu wapatao elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Wengi waliovunja sheria walianza ujanani, na sehemu kubwa yao wakaacha walipokua. Kundi dogo ndilo lililoendelea, na hao walikuwa wagomvi tangu wadogo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 anayetesa wanyama na kuumiza wenzake apelekwe kliniki ya afya ya akili sasa, asisubiriwe akue. Vilevile yule aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla: nyuma ya wizi na ukali huenda kuna sonona, dawa za kulevya, au mtu mzima anayemdhalilisha.

Pa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, Tanzania hata Kenya.

Hatujaongea vizuri mwezi mzima. Nianze vipi?

Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, familia 552 zilishiriki utafiti wa mafunzo ya malezi ya vijana. Tuseme ukweli, utundu wa vijana haukupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Kilichopungua ni vipigo na ulevi, kwa wazazi na vijana, na wazazi wakawafuatilia watoto vizuri zaidi. Mafunzo ya aina hiyo yamefika Tanzania kwa jina la Furaha Teens, na moja ya mambo ya mwanzo ni mzazi kukaa na mtoto kwa muda.

Basi mwombe akusaidie kuchambua mchele au kurekebisha baiskeli. Usimuulize habari za shule. Wiki ya kwanza huenda akajibu "ndiyo" na "sijui" tu. Akija kumtaja rafiki usiyemjua, mwache amalize hadithi yake, na swali la "huyo ni mtoto wa nani?" liweke mpaka siku nyingine.