Sonona, glia na hizo "seli za ubongo zilizokufa"

Kila sonona inapozungumzwa, hakosekani wa kusema kwamba "inaua seli za ubongo". Muulize ni seli zipi, atakuonyesha kichwa.

Kwa kifupi: nyuroni ndizo hupeleka ishara za umeme. Glia ni zile zinazoishi katikati ya nyuroni na kuzihudumia, yaani astrosaiti, oligodendrosaiti na mikroglia. Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani aliyezipa jina katika karne ya 19, alizichukulia kuwa gundi tu, na wapo wanaoamini hivyo mpaka leo. (Na ile hesabu kwamba ni mara kumi ya nyuroni si kweli pia. Zinakaribia kulingana.)

Tuje kwenye kufa. Mwaka 1998 watafiti Öngür, Drevets na Price walihesabu seli katika sehemu ndogo ya mbele ya ubongo wa marehemu waliokuwa na sonona. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa wa kiukoo, glia zilikuwa pungufu kwa asilimia 24. Nyuroni hazikupungua. Watu wamelishika la kwanza, la pili wakaliacha, na uzito wote uko kwenye la pili: nyuroni zipo hai, kinachoyumba ni mawasiliano yake.

Astrosaiti hufyonza glutameti (kemikali ya kupitishia ishara) inayobaki kwenye sinapsi, yaani pale nyuroni zinapokutana; isipofyonzwa, ishara huvurugana. Oligodendrosaiti huvika nyuzi za neva myelini, yaani ganda la mafuta, na bila hiyo ishara hujikokota. Mikroglia hupogoa sinapsi, na kinga ya mwili ikichachamaa huenda zikapogoa kupita kiasi. Mwaka 2008 watafiti Banasr na Duman walitia sumu ya astrosaiti katika gamba la mbele la ubongo wa panya, na panya wakapoteza hamu hata ya maji ya sukari. Waliposhambulia nyuroni za sehemu hiyohiyo, dalili hizo hazikutokea.

Panya si mtu, bila shaka. Na hesabu ile ya 1998 haituambii kama glia zilikufa au zilikuwa chache tangu mwanzo. Basi, ndugu yangu, ukiwa na mgonjwa mwambie kwamba seli zinazotunza mawasiliano ya ubongo huenda zimepungua. Ukisema "zimekufa" atasikia kwamba yameisha, ilhali seli zinazozalisha oligodendrosaiti huendelea kugawanyika hata ukubwani.