LSU 2019: watano wanakwenda, watano wanabaki

Austin, tarehe 7 Septemba 2019. Ni mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Zimebaki kama dakika mbili na nusu, na LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, wanaongoza 37-31 ugenini kwa Chuo Kikuu cha Texas. Ni jaribio la tatu kati ya manne ya kusogea mbele kabla ya kupoteza mpira, na wanahitaji yadi 17, yaani zaidi ya mita 15. Hapo timu nyingi humpa mtu mpira akimbie nao katikati ili saa izidi kwenda, kisha zinaupiga mbali na kuwaachia mabeki kazi. Joe Burrow, kwotabeki wao, yaani mrushaji wa pasi, akarudi nyuma kutafuta pasi. Texas wakamwagia watu. Akajipenyeza mbele katikati ya vurugu ile, akaachia mpira kwa Justin Jefferson, naye akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Yadi 61. Mechi ikaisha 45-38.

Kipande hicho nimekirudia mara nyingi kuliko ninavyothubutu kumwambia mke wangu. Kazi yangu ni kukata video za mpira wa Kimarekani kwa timu ya sekondari huku Texas: nani alisimama wapi, nani alimfuata nani, mpira ulikaa mkononi sekunde ngapi. Nilipomtumia mjomba wangu aliyeko Tanga, akanijibu kwa sauti: “Mjomba, mbona hawa wanasimama kuliko wanavyocheza?” Swali halali. Lakini kwenye kule kusimama ndiko kuliko na siri ya msimu mzima.

Hesabu ni hii. Kila upande una watu 11. Wanaoshambulia wana kwotabeki mmoja, watu watano wanene wa mbele ambao kazi yao ni kuzuia, na wengine watano wanaoruhusiwa kudaka pasi. Kwa desturi, mmoja au wawili kati ya hao watano wa mwisho hubakizwa nyuma kumlinda kwotabeki. LSU ya 2019 iliwaachia wote watano waende, tena si mara moja moja. Wanene watano wanabaki peke yao. Sasa wapinzani wakileta watu sita, hakuna wa kumzuia wa sita. Anakuja mzima mzima, mbio, na kwotabeki anajua kabisa kwamba anakuja.

Ndipo kule kusimama kunapokuwa na maana. Kabla mpira haujatoka chini, Burrow alikuwa ameshawasoma mabeki: huyu amesogea hatua moja, yule ameangalia pembeni, basi wa sita atatokea kushoto, na alipotoka pamebaki wazi. Mpira unapelekwa hapo hapo. Mwaka uliotangulia, 2018, pasi zake zilizofika zilikuwa chini ya asilimia 58. Mwaka 2019 zikapita asilimia 76, na tachidauni 60 za pasi, yaani pasi zilizofikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, rekodi ya wakati ule. Mkono ulikuwa ule ule.

Kilichobadilika ni mafunzo. Kocha mkuu Ed Orgeron alimleta Joe Brady, kijana wa miaka 29 aliyekuwa msaidizi kwa New Orleans Saints, timu ya ligi ya kulipwa. Mratibu wa mashambulizi, Steve Ensminger, mzee wa kazi, hakununa. Wakafanya kazi pamoja. Hili watu hulipita haraka, lakini mimi nimekaa kwenye vikao vya makocha. Mzee kukubali kufundishwa na kijana ni habari kubwa kuliko mchoro wowote ubaoni.

Na msisahau walikotoka. Hii ni LSU iliyofungwa 21-0 na Alabama kwenye fainali ya Januari 2012, pale Superdome, New Orleans, mechi nzima wakivuka mstari wa kati mara moja tu. Novemba 2018 Alabama wakaja Baton Rouge, nyumbani kwa LSU, wakawafunga tena, 29-0, Burrow akiwemo uwanjani. Kwa hiyo tarehe 9 Novemba 2019, walipokwenda Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, na kufika mapumziko wakiongoza 33-13, nilidhani ubao umeharibika. Alabama walirudi kwa kishindo, lakini Clyde Edwards-Helaire, mfupi, mzito wa mapaja, akawa anawaburuza mabeki mmoja baada ya mwingine. 46-41. Mkosi wa mechi nane mfululizo ukaisha.

Sisi nasi tukaiga. Wiki iliyofuata kocha wetu akasema tuwaachie wote watano. Kufika mapumziko kijana wetu alikuwa ameangushwa mara nne, na jino moja linacheza. Niliporudi kwenye video nikaona kila kitu kiko kama LSU, isipokuwa macho yake: yalikuwa yakimfuata mpokeaji mmoja tangu mwanzo. Wa sita hakumwona hata siku moja. Tena LSU walikuwa na ukuta uliopewa tuzo ya Joe Moore, ya ukuta bora wa mbele nchini. Sisi tulikuwa na vijana wawili waliohamia kutoka kurusha tufe.

Nusu fainali ilikuwa Atlanta, tarehe 28 Desemba. Asubuhi ile ndege ndogo ilianguka Louisiana na kumuua mkwe wa Ensminger, mke wa mwanawe. Ensminger akapanda kwenye chumba cha makocha juu ya uwanja, akafanya kazi yake. Burrow alipiga pasi saba za tachidauni kabla ya mapumziko. Oklahoma wakalala 63-28.

Fainali, 13 Januari 2020, ikawa Superdome ile ile. Clemson walikuwa hawajafungwa mechi 29, na wakatangulia 17-7, wakificha vizuri nani anakuja na nani anabaki. Burrow alionekana kukwama kwa muda. Kisha akaona kwamba wakijificha hivyo, Ja'Marr Chase anabaki na beki mmoja pembeni. Chase alimaliza na yadi 221. 42-25. Msimu mzima: mechi 15, zote wameshinda, pointi 726.

Halafu nyumba ikahamwa. Wachezaji 14 walichukuliwa kwenye drafti ya 2020, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana wa vyuo, Burrow akiwa wa kwanza kwa kuchaguliwa na Cincinnati. Brady akaenda Carolina, mratibu wa ulinzi Dave Aranda akaenda Baylor, Chase akaamua kutocheza mwaka wa korona. Septemba 2020 Mississippi State walikuja Baton Rouge, wakapiga pasi za yadi 623 na kushinda 44-34. LSU wakamaliza msimu wakiwa wameshinda tano na kufungwa tano.

Nilimtumia mjomba na mechi hiyo pia. Akaangalia dakika tatu, akauliza: “Yule mtoto anayesimama sana yuko wapi?” Nikamwambia yuko Cincinnati.

“Basi nitumie za Cincinnati.”