Begi lako halijaibwa, limebaki Dar es Salaam

Kila ndege ikitua Mwanza na begi moja likakosekana mkandani, lawama ni ileile: "Vijana wa hapa ni wezi." Nimechoka kuisikia, kwa sababu inamfanya mwenye begi amkabe mtu asiyehusika.

Wizi upo, lakini mabegi mengi yasiyofika yamebaki pale abiria alipobadilisha ndege. Wewe unatembea mwenyewe hadi mlango wa pili. Begi lisubiri kushushwa, kusomwa tagi, kupangwa, kisha trekta ilivute. Trekta ikizimika, ndege haingoji. Mengine hubakizwa kwa kuwa uzito umezidi, hasa ndege za mapangaboi.

Tagi ina tarakimu 10. Sita za mwisho ndizo za begi lako. Bandua tagi za safari za nyuma, zinaweza kupoteza begi. Na boksi la sangara lisilofungwa vizuri linavujisha maji, yanalowesha tagi ya begi la jirani, namba haisomeki tena. Funga samaki kwa nailoni mbili, uweke ndani ya boksi gumu.

Sasa linaloniudhi kabisa. Pakiwa na kampuni moja ya umma inayoshika mizigo ya ndege zote, watu huishambulia hiyo. Lakini wewe huna mkataba nayo! Tiketi yako ni ya shirika la ndege, na shirika ndilo linalomlipa mshika mizigo. Ndilo linalopaswa kumkata malipo mzigo ukichelewa. Tatizo, kampuni ikiwa peke yake shirika halina pa kuhamia, hivyo makato yanabaki kwenye karatasi. Na ukimaliza hasira zako kwa kijana wa toroli, shirika halina sababu ya kugombana na mtu.

Kampuni ya pili ingetibu? Kwa kiwanja kama cha Mwanza, sina hakika. Ndege zisizo nyingi zikigawanywa mara mbili, kila mmoja ataweka vifaa vichache, na siku vikiharibika hakuna vya akiba.

Kwa hiyo usitoke ukumbini kabla ya kujaza fomu kaunta ya shirika lako na kupewa namba ya kumbukumbu. Kwa safari za kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kile kipande cha tagi ulichopewa kaunta, kitunze mpaka begi liwe mkononi na umelifungua.