Dunia Ikisimama, Jirani Hageuki Adui

Wengi huamini kwamba umeme, maji na serikali vikitoweka, watu watavamiana siku hiyo hiyo. Tafiti za maafa tangu miaka ya 1950 zinaonyesha kinyume: uporaji na taharuki ya jumla ni nadra, na wanaowahi kuokoa huwa majirani. Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, na mitaa haikugeuka uwanja wa vita.

Lakini kuaminiana hakuji kwenyewe. Anzeni na kitu kidogo kinachorudi haraka. Hata kwenye mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, kijumbe anayezikusanya hakabidhiwi fedha nyingi siku ya kwanza. Mtihani wenyewe ni maji. Kiwango cha chini kinachotumika kwenye misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, hivyo watu 50 wanataka lita 750, karibu madumu 38 ya lita 20. Ufunguo wa tangi akae nao mmoja, daftari mwengine, na kipimo kiwe kimoja, mbele ya wote. Mambo huharibika pale kiasi kilichobaki kinapofichwa: uvumi unaanza, kila nyumba inaficha ndoo zake, na uhaba wa kudhaniwa unakuwa wa kweli.

Mgeni je? Mpeni kwanza zamu ya kuchota, ufunguo baadaye.