Uinge, wakia ya Waayalandi wa kale

Uinge ni neno la Kiayalandi cha kale lenye maana ya wakia. Katika maandishi ya zamani hupatikana pia kwa umbo la unga, na Mswahili akiliona atadhani habari ni ya ugali. Kumbe kilichopimwa ni fedha, yaani madini yenyewe. Hata wao neno lao airgead hubeba maana zote mbili, madini na pesa, kama fedha yetu.

Ayalandi haikugonga sarafu mpaka mwishoni mwa karne ya 10, ilipoanza kufanya hivyo Dublin, mji wa Wanorsi, yaani watu wenye asili ya Skandinavia. Kabla ya hapo mali ilihesabiwa kwa ng'ombe, na fedha ilitiwa mizanini vipande vipande. Uinge moja ya fedha mara nyingi ilichukuliwa kuwa sawa na ng'ombe mmoja wa maziwa, kwa hiyo mtu aliyetozwa fidia angeweza kuswaga mnyama au kukata kipande cha kikuku chake.

Uinge iligawanywa kuwa screpall 24, na kila screpall ilikuwa pinginn 3. Chini kabisa palikuwa na punje za ngano: pinginn moja ilikuwa uzito wa punje 8. Ukipiga hesabu, uinge nzima ni punje 576. Sijui nani angekuwa na subira ya kuzihesabu zote!

Neno lenyewe ni la kuazima. Warumi waligawa ratili yao mafungu 12, na kila fungu, la gramu 27 hivi, wakaliita uncia. Waayalandi wakalipokea kutoka Kilatini. Upande wa pili neno hilohilo lilipita kwa Wagiriki likafika kwa Waarabu, na Waarabu wakatuletea pwani likiwa wakia, uzito wa riale moja ya fedha, 16 kwa ratili. Mauritania wamelifanya jina la pesa yao, ugiya. Kwa hiyo uinge na wakia ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali.

Na ukoo haujaishia hapo. Waingereza walilichukua neno hilo mara mbili, kwa uzani na kwa urefu, maana inchi nayo ni fungu moja kati ya 12 ya futi. Sisi tukayapokea yote mawili, aunsi na inchi. Ila tahadhari kwa muuza dhahabu: aunsi ya sonara ina gramu 31 na ushee, wakia ina 28 tu.