Stadi ya tairi iliyokula nyuzi: ipi isafishwe, ipi itolewe

Nati ya tairi ikizunguka mara mbili kwa mkono halafu ikagoma, weka wilispana chini. Stadi nyingi, yaani zile bolti zinazochomoza kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na kushika nati, zinaharibikia hapo hapo. Anayeendelea kukaza anachonga nyuzi mpya juu ya zile za kiwandani, na siku nati hiyo itakapotakiwa kufunguliwa, stadi itakatika au itazunguka pamoja nayo.

Katika gari ndogo za Kijapani ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu, sababu ninayokutana nayo mara kwa mara ni nati zilizochanganywa. Stadi za Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi ndogo ni za milimita 12, na umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata ni milimita 1.5. Za Nissan, Subaru na Suzuki nazo kwa kawaida ni za milimita 12, ila nyuzi zake zimebanana zaidi: 1.25. Ukizishika mkononi huoni tofauti. Kwa fundi pancha nati za gari tatu zinakaa kwenye kopo moja, ya Nissan inaingia kwenye Toyota Premio, inashika mzunguko wa kwanza vizuri kabisa, inaanza kuwa nzito, na kijana anadhani ni kutu. Anaongeza bomba kwenye mkono wa spana. Nyuzi zimekwisha.

Kipimo cha nyumbani ni rula. Pima kwenye stadi nzima umbali wa hatua kumi za nyuzi, hatua moja ikiwa ni kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Ukipata milimita 15, ni 1.5. Ukipata 12 na nusu, ni 1.25. Andika jibu hilo ndani ya kitabu cha gari, maana utalihitaji dukani.

Sababu ya pili ni mashine ya upepo inayotumika kuanzisha nati badala ya kuimalizia. Nati inatakiwa ianze kwa vidole, izunguke mara nne au tano bila chombo chochote. Ikiingia upande, mkono utakuambia. Mashine haisikii kitu.

Sasa stadi imeshaumia. Kabla ya kununua chochote, isugue kwa brashi ya waya, ipulizie mafuta ya kulainisha kutu, uifute, kisha uitazame kwenye mwanga wa jua. Kama ni kutu na matope, au ni uzi mmoja wa mwanzoni uliopondeka kwa kugongwa na rimu, stadi hiyo inafaa. Dai ya M12 (chombo cha kuchongea nyuzi za bolti ya milimita 12) yenye hatua inayolingana itaurudisha uzi kwenye njia yake: izungushe nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na tone la mafuta. Asiye na dai achukue nati nzima ya gari hilo hilo, aikate mifereji miwili au mitatu kwa ndani kwa msumeno wa chuma, asafishe kingo kwa tupa. Mifereji hiyo inabeba uchafu, na nati inakuwa kisafishio kizuri sana cha nyuzi. Usiitumie tena kufungia tairi.

Stadi ya kutupwa ina dalili zake. Nyuzi zimelala au zimetoka kama waya. Shingo imekuwa nyembamba mahali fulani, maana yake chuma kimevutwa kupita uwezo wake na hakirudi. Nati mpya inaingia vizuri mwanzoni kisha inabana katikati, hiyo nayo ni stadi iliyorefuka. Au inazunguka ndani ya habu. Dalili moja tu kati ya hizi inatosha kuitoa. Na ikiwa stadi mbili za tairi moja zimekatika, mimi hutoa zote za tairi hiyo, kwa sababu zilizobaki zimekuwa zikibeba mzigo wa wenzao.

Nieleze kwa nini ninakuwa mkali hapa. Tairi haining'inii kwenye stadi. Nati ikikazwa sawasawa, stadi inavutika kidogo sana na kuibana rimu kwenye habu, na msuguano wa mbano huo ndio unaobeba gari. Toyota kama Corolla, Ist au Probox inataka nyutoni-mita 103 (kipimo cha nguvu ya kukazia) kwenye kila nati, na nguvu hiyo inazaa mbano wa takribani tani nne kwa kila stadi. Stadi iliyorefuka haiwezi kushikilia mbano huo. Rimu inaanza kucheza, na hapo ndipo stadi zinakatika moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana sikubali stadi kuchomelewa. Ninajua inafanyika gereji nyingi, na kwamba inaokoa safari ya kwenda dukani. Lakini chuma cha stadi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa. Joto la welding linauondoa, linaweza kukunja habu na linaunguza grisi ya beringi iliyo karibu. Bolti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi nayo haina nguvu inayotakiwa. Nunua stadi ya gari lako, na uende na ile ya zamani ili ulinganishe mambo matatu: nyuzi, urefu, na unene wa ile sehemu yenye meno chini ya kichwa. Meno hayo ndiyo yanayoing'ang'aniza stadi kwenye habu isizunguke.

Kazi yenyewe inahitaji sakafu ngumu iliyo sawa. Weka mawe kwenye tairi za upande wa pili, legeza nati kabla ya kunyanyua, kisha gari likae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usifanye kazi gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Mbele, toa kalipa (kile kinachobana pedi za breki kwenye diski) na uifunge kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wake wa breki, mpira unaumia. Kisha toa diski. Nyuma penye drami, achia hendibreki na uvue drami.

Zungusha habu uangalie nyuma yake. Kwenye gari nyingi kuna mahali penye nafasi ambapo kichwa cha stadi kinaweza kupita. Ukipapata, rudisha nati ya zamani hadi iwe sawa na ncha ya stadi, ukiweza, kisha gonga kwa nyundo nzito mara chache zilizonyooka. Mapigo mengi yanaumiza beringi, hivyo mwenye pula ya bol jointi (chombo kinachosukuma kwa skrubu) aitumie hiyo badala ya nyundo. Kama hakuna nafasi kabisa, habu itabidi itoke, na hiyo ni kazi ya gereji yenye presi.

Kuingiza stadi mpya ndiko kunakotaka utulivu. Ipitishe kutoka nyuma, meno yake yakae kwenye mifereji ya zamani ya tundu. Mbele vika washa nene tatu au nne zilizopakwa grisi kati yake, kisha nati iliyo wazi pande zote mbili, upande wake bapa ukitazama washa. Kaza kwa mkono taratibu. Stadi itavutika ndani, mkono utakuwa mzito, kisha ghafla utagota. Simama, pita nyuma na tochi. Kichwa kinatakiwa kilale kwenye habu bila mwanya hata wa karatasi. Kikiacha mwanya leo, kesho kitajivuta chenyewe barabarani na nati italegea. Stadi mpya ikizunguka ndani ya tundu, tundu limepanuka na habu ndiyo ya kubadilishwa.

Grisi iishie kwenye washa. Futa nyuzi ziwe safi na kavu kabla ya kufunga tairi, kwa sababu nyuzi zenye grisi zinafanya kipimo kile kile cha spana kivute stadi kupita kiasi. Hakikisha pia nati inalingana na rimu: rimu nyingi za chuma zinataka nati yenye kichwa cha mviringo uliochongoka, na baadhi ya rimu za aloi za Toyota zinataka nati yenye shina na washa bapa. Zikibadilishana, tairi haibanwi.

Kaza kwa mpangilio wa kuvuka, kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, kwanza kidogo, kisha shusha gari na umalizie kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Usipokuwa nayo, wilispana yenye mkono wa sentimita 40 inafika 103 ukiisukuma kwa uzito wa kama kilo 26 kwenye ncha. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba la mita moja anafikisha zaidi ya mara sita ya hapo.

Wenye Canter na malori mengine ya Kijapani wakumbuke kwamba mengi yana nyuzi za kushoto upande wa kushoto. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi kabla hujaanza kuvuta.

Ukishaendesha kilomita 80 hadi 100, zikaze tena zote kwa kipimo kile kile, tairi ikiwa imepoa. Nati ya stadi mpya ikikubali kuzunguka zaidi ya kidogo, vua tairi uangalie kichwa cha nyuma upya.